Utaratibu wa Darasa Nao ni Somo

Nikialikwa kumtazama mwalimu mwenzangu akifundisha, sianzi na somo lenyewe. Natazama zile dakika za katikati: zoezi moja limeisha na lingine halijaanza, madaftari yanarudishwa, mtoto mmoja kalamu imemwishia wino, kengele inalia na nusu ya darasa bado wanaandika. Mwalimu anaweza kuwa bingwa wa hisabati, akaeleza sehemu na desimali mpaka wewe mtu mzima ukajiona kama unazisikia kwa mara ya kwanza, lakini kama watoto wake hawajui wanaingiaje, wanatokaje na wanaombaje msaada, somo lake linavujia hapo.

Hesabu yake ni nyepesi. Darasa lenye vipindi vinane kwa siku likipoteza dakika tano kila kipindi kwa kutulia, kutafuta rula na kuulizana "amesema ukurasa wa ngapi?", ni dakika 40. Kipindi kizima kimekwenda na maji, na kwa wiki ni vipindi vitano. Hakuna mkuu wa shule ambaye angekubali kufuta vipindi vitano kwenye ratiba, ila vinafutika kila wiki na hakuna anayeandika ripoti.

Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwaongoza walimu wapya. Swali wanaloniletea mara nyingi kuliko yote ni la adhabu. "Mwalimu, hawa wanaoingia darasani wakisukumana niwafanyeje?" Huwa nawarudishia swali: kuingia darasani uliwafundisha lini? Wengi hujibu kwamba waliwaambia siku ya kwanza. Sawa, waliambiwa. Jedwali la mara saba nalo waliambiwa siku moja tu?

Sheria za darasa zote tunazo, zimebandikwa ukutani. Heshimu wenzako. Wahi shuleni. Tunza mali ya shule. Ni nzuri, na wala sisemi zibanduliwe. Lakini hakuna hata moja inayomwambia mtoto afanye nini ncha ya penseli ikivunjika katikati ya jaribio. Atanyoosha mkono? Atanyanyuka? Atamnong'oneza jirani, kisha jirani ashukiwe kuwa anampa majibu? Uharibifu wa mali ya shule unaweza kutokea mara moja kwa muhula. Penseli huvunjika kila siku. Mtoto asipopewa njia, atajitungia ya kwake, na watoto 48 watatunga njia 48.

Chukua kazi inayoonekana ndogo kuliko zote: kukusanya madaftari. Darasa lina safu sita, kila safu watoto wanane kutoka mbele hadi nyuma. Amri iliyozoeleka ni "pitisheni mbele." Keti nyuma utazame kinachotokea. Wa mwisho anamgonga mwenzake mgongoni kwa daftari ili alipokee. Aliyegongwa anageuka na kusonya, au anarudishia. Rundo likifika katikati limeshakuwa zito, linaporomoka, kurasa zinakunjika, na mwenye daftari lililokunjika anasimama kudai haki yake. Mwalimu yuko mbele na haoni mkono wa nani umefanya nini, maana kila anayegonga amejificha nyuma ya anayegongwa. Anachobaki nacho ni kelele na neno "nyamazeni".

Mimi madaftari huyapitisha pembeni, kutoka upande wa dirisha kwenda upande wa ukuta. Aliyekaa dirishani analifunga daftari lake, analiweka juu ya meza ya jirani yake. Jirani anaweka la kwake juu, anasogeza yote mawili. Hivyo hivyo mpaka mtu wa sita. Mimi natembea kando ya ukuta nikiokota mafungu manane, kila moja la madaftari sita. Mikono yote naiona, hakuna anayemgusa mwenzake mgongoni, na hakuna anayebeba zaidi ya sita. Kuna faida nyingine ambayo walimu wapya huipenda sana wakiigundua: fungu likiwa na matano, najua papo hapo ni mstari gani haujatimia, kabla sijafika hata mezani kwangu. Sina haja ya kutangaza "nani hajaleta?" na kusubiri watu 48 wamtazame mmoja.

Kuugundua utaratibu huu ni jambo moja. Kuuingiza mikononi mwa watoto ni jambo jingine, na hapo ndipo kwenye kazi.

Siku ya kuufundisha, naketi kwenye dawati la mtoto upande wa dirisha. Sisemi neno. Nafunga daftari, nageuka nusu, naliweka juu ya meza ya jirani, naliachia, nageukia mbele. Nafanya taratibu mno, kama mtu anayeonyesha namna ya kushona. Kisha nauliza: mmeona nini? Majibu ya kwanza huwa ya jumla, "umepitisha daftari". Nasema bado, mmeona nini kingine? Hapo wanaanza kuchimba. Mmoja atasema nilitumia mikono miwili. Mwingine atasema sikurusha. Mwaka mmoja binti wa safu ya tatu alisema, "Hukuondoa mkono mpaka daftari likalala." Ndiyo hatua yenyewe ambayo ukiiacha mafungu huanguka, na ikitoka kinywani mwa mtoto inashika kuliko ningeihubiri mimi.

Halafu mstari mmoja unajaribu, wengine wakiwa wakaguzi. Kisha wote, kwa madaftari matupu, siku ambayo hakuna kazi yoyote ya kukusanya. Hili nalisisitiza kwa walimu wapya: zoezi lifanyike kabla shida haijafika. Ukilifundisha dakika mbili kabla ya kengele ya mapumziko, huku watoto akili zimeshatoka nje, umewafundisha kuharakisha.

Kama unataka waone namna mbaya ilivyo, ifanye wewe. Mimi hujifanya mtoto mkorofi, narusha daftari, nageuka nyuma, wanacheka mpaka basi. Lakini simwiti mtoto aonyeshe makosa hata siku moja. Wapo wanaofanya hivyo kwa nia njema, na yule anayechaguliwa kuonyesha ukorofi, ambaye mara zote ni yule yule, anapigiwa makofi na darasa zima kwa kufanya kile unachotaka akiache.

Kesho yake siwaelezi upya. Nauliza: "Mtu wa dirishani, unaanzaje?" Anajibu. "Wa ukutani, ukishapokea?" Anajibu. Ndipo tunafanya. Siku inayofuata swali linakuwa moja. Baadaye nasema "madaftari" tu. Mwishoni naanza kutembea kuelekea ukutani na mafungu yanasogea yenyewe.

Utaratibu mwingine ninaoupa muda mrefu ni ishara ya kutulia, kwa kuwa taratibu nyingine zote zinaupitia. Ishara yangu ni makofi mawili na mkono juu, kwa pamoja. Makofi ni kwa aliyenipa mgongo. Mkono ni kwa asiyesikia vizuri, na katika madarasa makubwa karibu kila mara yupo mmoja ambaye masikio yake hayako sawa na hakuna aliyetuambia. Mtoto akiona au akisikia, anafanya mambo matatu: anafunga mdomo, anaweka chini alichoshika, ananitazama. La pili ndilo linalosahaulika. Mtoto mwenye rula mkononi hayuko nawe hata kama kimya.

Namna ya kuifanyia mazoezi ni kutengeneza kelele kwa makusudi. Naweka watoto wawili wawili wazungumze lolote wanalotaka, nusu dakika, tena kwa sauti. Wanafurahia, maana si kila siku mwalimu anaamuru kelele. Kisha natoa ishara na kusubiri.

Kusubiri huku ndiko kunakowashinda walimu wengi. Darasa linapungua sauti, robo tatu wamenyamaza, na mwalimu kwa haraka ya somo anaanza kuongea huku mnong'ono uliobaki ukiendelea. Wale waliokuwa wakinong'ona wamejifunza kwamba ishara inawahusu wengine. Kesho watakuwa wengi zaidi, na kufikia katikati ya muhula mwalimu anapiga makofi kumi na sauti imemkauka. Nilipokuwa nikimwongoza mwalimu mmoja kijana, nilimwomba kitu kimoja tu kwa wiki nzima: asitamke neno mpaka sauti ya mwisho imalizike, na wakati anasubiri asikunje uso, asitazame saa, asiseme "nawasubiri". Siku ya kwanza ilikuwa ndefu kweli, mpaka mimi mwenyewe nyuma ya darasa nikawa natamani aanze. Kufikia Ijumaa walikuwa wananyamaza kabla mkono haujafika juu. Sehemu ya pili ya ushauri ilikuwa ngumu zaidi kwake: usiitoe ishara kama huna la kusema kwa wote. Ukiwasimamisha watu 48 ili umuulize mmoja kama ameleta sare ya michezo, unaichakaza.

Haya hayakutoka hewani. Mwaka 1970 Jacob Kounin, mtafiti wa Marekani, alichapisha matokeo ya kazi yake ya kutazama walimu darasani. Alitarajia kukuta kwamba walimu wenye madarasa tulivu wanajua kukaripia vizuri kuliko wenzao. Hakuikuta tofauti hiyo. Walichowazidi wenzao ni kuona mapema kinachoendelea kila kona, kushughulika na mambo mawili kwa wakati mmoja, na kuvuka kutoka kazi moja kwenda nyingine bila kukwama. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, Carolyn Evertson na Edmund Emmer wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin pamoja na wenzao walikwenda kukaa ndani ya madarasa ya shule ya msingi tangu mwanzo wa mwaka wa shule. Walimu waliofanikiwa mwaka mzima walikuwa wale ambao wiki za kwanza walieleza taratibu, wakazionyesha, wakawapa watoto nafasi ya kuzifanyia mazoezi, na wakawarekebisha pale pale. Ripoti yao ilitoka mwaka 1980, na nikiisikia hoja kwamba wiki za kwanza ni za "kukimbiza silabasi" huwa naikumbuka.

Mazoea huchukua muda, na muda huo haufanani kwa watu wote. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake jijini London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watu wazima waliokuwa wakijijengea tabia ndogo ndogo za kila siku kuhusu kula, kunywa na mazoezi ya mwili. Kwa wastani tabia ilikaa baada ya siku 66, lakini kulikuwa na wa siku 18 na kulikuwa na makadirio ya siku 254. Watu wazima hao, tena waliojichagulia tabia wenyewe. Nikiona mwalimu amekata tamaa baada ya wiki mbili kwa sababu "hawa watoto hawashikiki", namtajia namba hizo. Jambo jingine waliloliona ni kwamba kuikosa siku moja hakukuharibu safari. Kwa hiyo siku ya mvua kubwa, au ya wageni, ambapo kila kitu kimeparaganyika, usitangaze kwamba darasa limeharibika. Kesho endelea ulipoishia.

Sasa, wakikosea? Tunarudia. Wameingia wakisukumana, nasema, "Hapana, hivyo sivyo. Turudi mlangoni." Wanatoka, wanaingia tena, tunaanza somo. Sauti ni ile ile ninayotumia mtoto akisema saba mara nane ni hamsini na nne. Simwulizi kwa nini anadharau hisabati.

Lakini kurudia kukigeuzwa adhabu kunaoza. Kuna mwalimu niliyemwona akiwaingiza na kuwatoa watoto wakati wa mapumziko mpaka mapumziko yakaisha, huku akiwakumbusha kwa hasira kwamba wamejitakia wenyewe. Kuanzia siku hiyo mlango ukawa uwanja wa vita. Watoto waliingia kimya kweli, kimya cha kununa, na ukimya huo ulidumu mpaka pale mwalimu huyo alipougua na akaja mwingine kushika kipindi. Rudia mara moja. Ikishindikana, anza somo, na kesho lifundishe upya mwanzoni mwa siku wakati wote mmetulia.

Ikiwa anayeshindwa ni mtoto mmoja au wawili, zungumza nao pembeni. Ikiwa darasa zima linashindwa kila siku mahali pale pale, chunguza utaratibu wenyewe. Foleni ya kuchonga penseli kwenye ndoo ya taka ni mfano. Unaweza kuwafundisha kupanga foleni mpaka uchoke. Watoto sita waliosimama pamoja mbali na meza ya mwalimu, kila mmoja na kitu chenye ncha mkononi, watafanya wanachofanya. Foleni yenyewe ndiyo kosa. Niliweka makopo mawili, moja la penseli zilizochongwa na moja la butu. Ncha ikivunjika unanyanyua penseli juu, nikiitikia kwa kichwa unakwenda kubadilisha. Mtoto wa zamu anachonga zote asubuhi. Ruhusa ya kwenda chooni nayo nimeifanya ya ishara ya vidole, ili nisikatize sentensi yangu, na anayekwenda anageuza kadi yake ya jina ukutani. Wanakwenda mmoja mmoja, isipokuwa shida ya ghafla, na hiyo mtoto haombi, anakwenda.

Walimu wapya hutaka orodha kamili, nami huwanyima. Orodha ya taratibu 30 wiki ya kwanza ni njia ya uhakika ya kutofundisha hata mmoja. Kwa wiki ya kwanza nachukua kuingia na kuanza kazi iliyoko ubaoni, ishara ya kutulia, ruhusa ya kutoka, na kuondoka mwisho wa siku. Madaftari yanasubiri wiki ya pili. Kazi za vikundi zinasubiri zaidi, maana ndani yake kuna kusogeza madawati, kugawana vifaa, kusikilizana na kurudisha vitu, na kila kimoja ni somo lake. Mwalimu anayeanza na vikundi siku ya pili ana moyo mkubwa, namtakia heri.

Kwa wanafunzi wakubwa, wa sekondari, mambo hayabadiliki sana ila lugha hubadilika. Ukiwaonyesha namna ya kuingia darasani kama watoto wa chekechea watakudharau, na watakuwa na haki. Waeleze sababu kwa sentensi moja, wape tatizo walitatue. "Maabara ina mizani minne na nyie ni 40, mnapimaje vitu vyenu ndani ya dakika kumi bila mtu kusimama bure?" Watabishana, watachora mpango, na mpango huo watausimamia wenyewe kwa ukali kuliko ambavyo ungethubutu. Lakini hata wao wafanye mazoezi. Kijana wa miaka 16 anayejua kueleza hatua zote za usalama wa maabara kwa mdomo bado anaweza kuacha gesi wazi, kwa sababu mkono wake haujawahi kuifunga mbele ya mtu anayemtazama.

Baada ya likizo nafundisha tena, kwa kifupi. Baada ya mapumziko marefu ya katikati ya mwaka nafundisha kama vile hawajawahi kusikia, na hainichukui hata siku mbili, maana mikono inakumbuka haraka kuliko walivyodhani.

Akija mwanafunzi mgeni katikati ya muhula, simfundishi mimi. Nampa watoto wawili wamfundishe, nami nakaa karibu nikijifanya nasahihisha. Ni njia nzuri ya kujua utaratibu umefika wapi, kwa sababu watoto hueleza kile wanachokifanya kweli, hata kama sicho nilichowafundisha. Mwaka jana mvulana mmoja alikuwa akimweleza mgeni habari ya madaftari, na alipofika kwa mtu wa ukutani akasema, "Wewe ukiyapata yote sita, unayapanga migongo upande mmoja, halafu unayageuza, la kwanza lije juu. Mwalimu akisahihisha, akirudisha anaanza na mtu wa dirishani." Hatua hiyo mimi sikuwahi kuisema. Mtu fulani wa mstari ule aliianzisha, wenzake wakaiga, na kweli madaftari ya mstari wao yalikuwa yakirudi kwa mpangilio, nami nilikuwa nimeona bila kujiuliza sababu. Jumatatu nilimwomba aje mbele awaonyeshe mistari mingine saba.